Birika

Watoto wa mtaani kwetu Mwanga, Kigoma, waliacha zamani kuliita gari langu gari. Wanaliita Birika. Nikikata tu kona ya kwa muuza mkaa, mvuke unachungulia pembeni mwa boneti, na yupo mmoja, mtoto wa jirani wa miaka kama sita, ambaye kazi yake ni kukimbilia kwao akipiga kelele: "Mama, chai tayari!" Mama yake anatoka, ananiangalia, anacheka mpaka anashika ukuta. Akimaliza ananiamkia kwa heshima zote.

Sitataja ni gari la kampuni gani. Kampuni ilimaliza kazi yake mwaka 1997, na yaliyotokea baada ya hapo si yake. Gari likatembea Japani likiwa na adabu zake, wakalichoka, likapanda meli, likapewa namba A, likapita mikononi mwa watu watatu, mimi wa nne. Yule bwana aliyeniuzia alinishika mkono muda mrefu, macho yakimlengalenga. Nikadhani ni uchungu wa kuachana na gari. Kumbe mwenzangu alikuwa anashukuru Mungu.

Ugonjwa wa kwanza ulikuwa kumisi. Asubuhi ukiliwasha linatetemeka kama mtoto aliyeogeshwa nje alfajiri. Fundi akasema plagi. Tukabadilisha zote nne, likatulia siku tisa, likaanza tena. Akasema koili. Tukaleta koili ya mtumba. Ukaja ugonjwa wa kula oili: natia lita moja Jumamosi hii, Jumamosi ijayo kijiti cha oili kinatoka kikavu, na nyuma moshi wa bluu unanifuata kama deni. Hilo nililivumilia, maana mtu hafukuzwi nyumbani kwa sababu ya kula. Kilichonishinda ni kuchemsha.

Gereji ya fundi wangu iko chini ya mwembe. Sisi watu wa Kigoma mwembe tunauheshimu. Stanley alimkuta Livingstone pale Ujiji mwaka 1871, inasemekana chini ya mwembe, wakasalimiana mara moja tu, na mpaka leo watu wanalipa kiingilio kwenda kuangalia mahali penyewe. Mimi na fundi wangu tumesalimiana chini ya mwembe mara arobaini na kitu, na hakuna aliyetuwekea hata kibao.

Fundi ana maneno manne tu. Umpelekee gari lililozima, gari linalonoki, gari lililotumbukia mtaroni likatolewa na tingatinga, atafungua boneti, atainamisha kichwa kama daktari anayesikiliza mapafu, kisha atanyanyuka na kufuta mikono kwenye kaptula: "Kitu kidogo tu, bosi."

Kitu kidogo cha kwanza kilikuwa thamostati. Akaing'oa, akanionyesha kiganjani. "Hii ni ya nchi za baridi, bosi. Huku inatolewa." Akairusha vichakani kama mtu anayetupa kokwa la embe. Nilikuja kuelewa baadaye, tena kwa gharama, kwamba kile kidude kina nta ndani yake. Maji ya injini yakifika nyuzi 80 na kitu, nta inatanuka, inafungua mlango, maji yanakwenda kupoa kwenye rejeta. Ukikitoa, injini inachelewa kupata moto, inakunywa mafuta bure. Na kuna injini ambazo ukikitoa, maji mengine yanapita njia ya mkato na kurudi ndani bila hata kuiona rejeta. Lakini siku ile nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Kila mtu aliyewahi kusimama gereji anaujua ule mtikiso.

Kitu kidogo cha pili, wota pampu. Cha tatu, gasket ya hedi. Hapo nilitishika kidogo, maana aliponifungulia mfuniko wa oili niliona kwa macho yangu: mahali pa oili nyeusi palikuwa na kitu cha rangi ya chai ya maziwa, kizito, kina povu juu. "Maji yameingia kwenye oili," fundi akasema kwa sauti ya kutoa rambirambi. Hedi ikafunguliwa, ikapelekwa kuskimiwa, na gasket ikaagizwa Dar es Salaam. Sasa, sisi tunaishi mwisho wa reli. Kutoka Dar mpaka hapa kwa treni ni kilomita 1,250 na ushee, na kitu kikiagizwa huko unapata muda wa kuzeeka kwa utulivu. Gasket ikaja kwa basi siku ya sita, imefungwa vizuri kwenye kadibodi. Tukaitandika juu ya injini: matundu ya maji hayakulingana. Fundi akaigeuza. Hayakulingana. Akaigeuza tena kule ilikotoka, labda imebadili mawazo. Tukaagiza nyingine.

Injini ilipofungwa zikabaki boliti tatu. Nikauliza za wapi. "Hizi kiwandani waliweka za ziada, bosi." Nimeziweka kwenye kopo la maziwa ya unga nyumbani pamoja na nyingine za safari zilizotangulia. Kopo likijaa nitaunda pikipiki.

Taa ya injini, ile ya njano, nayo ilikuwa haizimiki. Nikamlalamikia fundi. Akachukua solotepu nyeusi, akakata kipande kidogo kwa meno, akakibandika juu ya taa kwa kidole gumba. Ikazimika.

Mtu pekee ambaye hakuwahi kuliamini gari hili ni baba yangu. Mzee alifanya kazi chumba cha mitambo cha Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika. Aliingia kijana mdogo mitambo ikiwa bado ya mvuke, akaendelea nayo ilipofungwa ya dizeli miaka ya sabini, akastaafu akiwa na sikio moja zima. Kwake yeye injini duniani ni za aina mbili: Liemba, na nyinginezo. Kila Birika likilala gereji, ananiita kibarazani.

"Mwanangu, ile meli ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913. Ikafunguliwa vipande, ikatiwa kwenye masanduku elfu tano, ikaletwa hapa kwa treni, ikaungwa tena. Kuna boliti ilibaki?"

"Sijui, Baba."

"Haikubaki. Julai 1916 Wajerumani wakaona vita imewageukia. Wakapaka mitambo grisi, wakaizamisha wenyewe, kule Malagarasi inakomwaga maji. Ikalala chini ya ziwa mpaka 1924, Waingereza wakaja kuiibua. Mwaka 1927 ikarudi kazini, na mitambo ni ileile. Sasa wewe gari lako lilinyeshewa usiku mmoja, asubuhi halikuwaka. Hebu nieleze."

Nieleze nini?

Basi, mwezi wa nane mwaka jana mpwa wangu, mtoto wa dada, akapata mchumba Kalinzi. Kalinzi ni huko milimani, njia ya Manyovu, kwenye migomba na kahawa. Siku ya kupeleka mahari, gari tulilokodi likanyakuliwa na msiba usiku wa kuamkia safari. Mpwa akaja kwangu saa kumi na mbili asubuhi, amesimama mlangoni kama mtu anayeomba damu hospitali.

"Mjomba, basi tutumie Birika."

Nilitakiwa kukataa. Lakini Birika lilikuwa limetoka gereji juzi yake, na fundi alikuwa ameapa kwa mama yake.

Tulipanda wanne. Mzee mbele, kwa sababu ya magoti. Nyuma shangazi, dada yake Mzee, kavaa kitenge kipya kinachonukia duka, na mshenga, mzee wa mtaa mwenye kanzu nyeupe ya kunyooshwa kwa pasi ya mkaa na koti jeusi juu. Kwenye buti: vitenge vya mama, blanketi la bibi, koti la babu, dumu la mawese, migebuka mikavu, kreti mbili za soda na katoni mbili za maji ya kunywa. Mpwa hatukumchukua, bwana harusi haendi kujiombea. Alibaki mjini na simu yake, na laiti angebaki bila hiyo simu.

Mpaka Mwandiga tulikwenda vizuri. Nikaanza hata kupiga mluzi. Baada ya pale mlima unaanza, na mshale wa joto, ambao ulikuwa umelala katikati, ukaamka. Ukapanda kidogo. Nikaacha mluzi. Ukapanda tena. Nikamtazama Mzee kwa pembe ya jicho, naye alikuwa ananitazama mimi, si barabara.

Mvuke wa kwanza ulitoka kwenye kona moja yenye migomba upande mmoja na bonde upande wa pili. Nikasimama, nikafungua boneti, nikasubiri. Nilikuwa na dumu la lita tano la maji ya bomba, mtu wa Birika hatembei bila dumu. Lilipopoa nikaongeza maji, nikawasha, tukaondoka. Simu ya mshenga ikaita.

"Mmefika?"

"Tunakaribia, kijana. Haraka haraka haina baraka."

Mshenga wetu anazungumza kwa methali. Ndiyo sababu alichaguliwa, na ndiyo sababu pia nilitamani kumshusha.

Mara ya pili mshale ulipanda kwa hasira, na dumu lilikuwa tupu. Hapo nikakumbuka ujanja wa madereva wa zamani: washa hita. Hita ya gari inachota joto kutoka kwenye maji yaleyale ya injini, kwa hiyo ukiifungua yote na feni mpaka mwisho, ni kama umeongeza rejeta nyingine ndogo. Ubaya wake ni kwamba hiyo rejeta ndogo inapumulia ndani, kwenye magoti ya abiria.

Nikaiwasha bila kutangaza.

Kwa dakika moja hakuna aliyesema kitu. Kisha shangazi akaanza kujipepea kwa bahasha ya mahari. Mshenga akavua koti. Akafungua kifungo cha kanzu. Likaja jambo ambalo mtu hawezi kulieleza vizuri kama hajawahi kukaa ndani yake: harufu ya vumbi la miaka ishirini na zaidi lililolala kwenye matundu ya hita, likiokwa pamoja na migebuka ya kwenye buti.

"Mwanangu," shangazi akasema taratibu, "hicho kinachotupuliza ni nini?"

"Hita, Shangazi."

"Hita ni nini?"

"Ni… inatoa joto."

Kimya.

"Joto la kumpelekea nani?"

Mzee akageuza uso dirishani. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Nikafungua vioo vyote, na vumbi la barabarani likaingia kuungana na jasho. Nilipochungulia kwenye kioo, kanzu ya mshenga ilikuwa imemganda mwilini na poda ya shangazi imejichorea mito miwili, mmoja unaelekea shingoni, mwingine unaelekea kwenye kitenge. Nusura nicheke. Nikakumbuka ni mimi niliyeshika usukani.

Hita ilitusaidia kilima kimoja. Kilima kilichofuata mvuke ukafunika kioo cha mbele chote, nikasimama kwa kubahatisha. Maji hakuna. Nyumba karibu hakuna. Tukatazamana. Halafu wote wanne tukageuza macho polepole kuelekea kwenye buti.

"Hapana," shangazi akasema. "Yale ni ya wakwe."

"Tukibaki hapa, wakwe watayanywea wapi?" akasema Mzee.

"Akufaaye kwa dhiki…" mshenga akaanza.

"Mshenga, tafadhali," nikasema.

Katoni ya kwanza ikafunguliwa. Na hapa ndipo lilipotokea jambo ambalo mimi sikulijali, ila Mzee alilijali. Nilikuwa nimekwenda kuweka jiwe nyuma ya tairi. Niliporudi nikamkuta shangazi ameinamia injini, ameshika mfuniko wa rejeta kwa pembe ya khanga yake, anauzungusha. Nilipiga ukelele. Kila anayejua gari anajua: rejeta iliyochemka haifunguliwi, maji yaliyobanwa yanaruka kama risasi, yanamchubua mtu uso. Nilimrukia, nimechelewa. Mfuniko ukatoka.

Ikatoka sauti ya "pwuuu" kama mbuzi aliyechoka, mvuke mwepesi ukapanda, basi.

"Unapiga kelele za nini?" shangazi akaniuliza. "Mimi nimefungua masufuria kabla mama yako hajakuzaa."

Nikamshukuru Mungu, nikaanza kumimina chupa moja baada ya nyingine. Mzee alikuwa ametoka garini, amesimama na mkono kiunoni.

"Haikuruka?" akauliza.

"Haikuruka, Baba. Mungu mkubwa."

"Imechemka vile, haikuruka," akarudia, kama anajisemea. Akarudi kukaa. Tangu hapo hakusema neno mpaka Kalinzi, na mimi nikadhani amekasirika.

Tulibakiwa na kama hatua 300 hivi kufika tulikoelekezwa, kilima kimoja tu, kifupi, ndipo Birika likazima lenyewe. Nikapiga staata. Likakoroma. Nikapiga tena. Halikujibu. Chini ya kile kilima palikuwa na duka, na barazani vijana wanne wamekaa wanacheza drafti kwa vifuniko vya soda. Nilitaka kwenda kuwaomba, shangazi akanishika mkono. "Wewe huna mdomo wa biashara. Niachie."

Akawaendea. Poda ina mito, kitenge kina vumbi, mwendo wa malkia.

"Wanangu, sukumeni gari hili mpaka pale juu. Bei gani?"

Mmoja mrefu, mwembamba, akalitazama gari, akatutazama. "Elfu kumi na tano."

"Elfu kumi na tano! Kwani mnasukuma meli? Elfu mbili."

"Mama, kile ni kilima. Mnaenda kwa nani?"

"Hayakuhusu. Elfu tatu."

Wakavutana dakika kumi nzima. Simu ya mshenga ikaita mara tatu, mara ya tatu akajibu, "Tumefika ila hatujafika," akakata. Bei ikaishia elfu nne kwa wote wanne. Wakaanza kusukuma, shangazi akitembea pembeni kama msimamizi wa barabara. Katikati ya kilima yule mrefu akateleza, gari likarudi nyuma kidogo, na shangazi akamwambia maneno haya, nayakumbuka neno kwa neno kwa sababu baadaye yalisomwa tena: "Kijana mrefu kama mnazi, nguvu huna hata ya kuku! Utaoa lini wewe?"

Yule kijana hakujibu. Akasukuma. Juu pale palikuwa na nyua mbili tatu, nikawa naangalia ule wenye turubai na viti. Sikupata hata nafasi ya kuwaelekeza. Vijana wenyewe wakakata kona, wakaliingiza gari uani taratibu, chini ya mparachichi, mbele ya watu wasiopungua arobaini waliokaa wakitusubiri. Yule mrefu akafuta jasho, akamgeukia shangazi.

"Karibuni sana. Hapa ni kwa baba. Bibi harusi ni mdogo wangu."

Shangazi yangu nimemfahamu maisha yangu yote, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona ametafuta neno akalikosa. Akatoa noti za elfu nne. Kijana akazikataa kwa mikono miwili, kwa adabu ya hali ya juu. Ile adabu ilitutisha kuliko matusi.

Msemaji wao alikuwa baba mdogo wa binti, mtu mfupi mwenye miwani na daftari la shule. Akasoma orodha kama kawaida: ng'ombe, ambao tulikuwa tumekubaliana watalipwa kwa fedha, koti la babu, blanketi la bibi, vitu vya mama. Tukatoa kimoja kimoja, mshenga akipambapamba kwa methali. Nikaona mambo yanakwenda. Kumbe yule kijana mrefu alikuwa amepiga magoti nyuma ya kiti cha baba mdogo, anamnong'oneza sikioni. Baba mdogo akafungua kalamu. Akaandika. Akamgeukia tena, akasikiliza, akaandika. Yakaandikwa mambo ukurasa mzima.

"Tuna nyongeza ndogo," akasema, akarekebisha miwani. "Moja. Kuchelewa saa mbili na nusu, faini elfu hamsini. Mbili. Kusukuma gari, vijana wanne, elfu kumi na tano, ile bei ya mwanzo. Tatu." Akatulia. "Kumwambia shemeji hana nguvu hata ya kuku. Kuku mmoja, jogoo. Nne. Kumuuliza shemeji ataoa lini. Hapa familia imeona mwenye swali awe na jibu: mchango wa mahari yake, mbuzi mmoja."

Uwanja mzima ukacheka, kina mama wakapiga vigelegele. Shangazi akajifunika uso kwa khanga.

"Tano. Kwenye barua yenu mliandika maji ya kunywa katoni mbili. Hapa naona katoni moja na chupa tatu."

Mshenga akanitazama. Mimi nikamtazama Mzee. Lakini kiti cha Mzee kilikuwa kitupu.

"Mengine," mshenga akasema, kwa mara ya kwanza bila methali, "yamenywewa na gari."

Baba mdogo akaandika: *gari*.

Kijasho kilikuwa kinanitoka tena, bila hita. Nikachomoka kumtafuta Mzee. Nikamkuta chini ya mparachichi, boneti limefunguliwa, yeye na babu wa binti wameinama vichwa vinagusana kama watu wanaogawana siri. Mzee ameshika mfuniko wa rejeta.

"Njoo hapa," akaniambia. "Huu ni nini?"

"Mfuniko wa rejeta, Baba."

"Kazi yake?"

"Kufunika."

Akashusha pumzi. Babu wa binti akacheka kidogo. Mzee akaugeuza mfuniko akanionyesha chini: kuna springi, na chini ya springi kiduara cha mpira. Ule mpira ulikuwa umekauka na kuchanika pande zote kama kisigino cha kiangazi. Sehemu nyingine haukuwepo kabisa.

"Kazi yake si kufunika, ni kubana," Mzee akasema. "Maji yakibanwa hayachemki kwa nyuzi 100, yanakwenda mpaka kama 120, na injini inakuwa salama. Yasipobanwa yanachemka mapema, yanatoka mvuke, yanaisha. Na huku mlimani yanachemka mapema zaidi. Rejeta nzima, shangazi yako asingeifungua akabaki na uso. Ilifunguka kama sufuria la wali kwa sababu ni sufuria la wali."

Nilisimama pale nikahesabu. Thamostati. Wota pampu. Gasket mbili. Kuskimu hedi. Zaidi ya shilingi 900,000, na mfuniko haukuwahi kushikwa na mtu ila kufunguliwa na kufungwa.

Babu wa binti alikuwa ameshaingia ndani. Akatoka na wembe na kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, ule wanaofungia mikungu ya ndizi. Mzee akauweka mfuniko juu ya mpira, akazungusha wembe kandokando taratibu, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo. Akatoboa katikati. Kile kiduara kikatoka cheusi, kinang'aa, kimelingana utadhani cha kiwandani. Akakipachika, akaminya springi kwa kidole mara mbili tatu, akaufunga mfuniko. Akajifuta mikono kwenye leso yake, leso nyeupe.

"Grisi hamna humu ndani?" akamuuliza babu wa binti. Wakaingia wote kula.

Tulilipa kila kitu. Mbuzi tukaandikiwa deni. Jogoo akaja kutoka mfukoni mwa shangazi mwenyewe, kwa hiari, na yule kijana mrefu alimsindikiza hadi garini akimbebea mkoba, wamekuwa marafiki, siku hizi wanapigiana simu. Lakini kabla hatujaondoka baba mdogo alifungua daftari mara ya mwisho.

"Tumesahau namba sita. Siku ya harusi, binti yetu asipandishwe gari hili."

Mshenga akatia sahihi bila kuniuliza.

Tulirudi usiku. Mteremkoni, sawa, kila gari ni zima. Lakini baada ya Mwandiga kuna vilima vyake, na mshale ulilala katikati kama mtu aliyeshiba. Ulikuwa haujalala hivyo tangu ninunue gari. Nilikaribia kulia. Mzee alikuwa amesinzia.

Jumatatu nikampelekea fundi. Nikaufungua ule mfuniko mwenyewe, nikamwonyesha mpira wa baiskeli. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, nina hotuba. Fundi akauchukua, akaugeuza kwenye mwanga, akaubinya. Akaniangalia kwa furaha ya kweli kabisa.

"Si nilikwambia, bosi? Kitu kidogo tu."

Hotuba ikaniishia mdomoni. Nikanunua mfuniko mpya, shilingi 15,000. Wiki moja baadaye mpira wa juu wa rejeta ukapasuka katikati ya mlima wa kutoka stesheni, kwa sababu sasa maji yalikuwa yamebanwa kweli, yakatafuta mahali dhaifu yakapapata. Tukabadilisha. Fundi mwenyewe akapendekeza turudishe thamostati. Nikamwona anaingia vichakani anapekuapekua kwa mguu. Nikamwambia tununue mpya.

Tangu hapo Birika halijachemsha, miezi sita sasa. Yule mtoto wa jirani anakaa kwenye kona ya muuza mkaa ananisubiri, napita kimya, anabaki ameduwaa. Juzi nilipita gereji kubadilisha oili tu. Fundi akaizunguka gari, akasikiliza injini, akanyoosha kidole gumba.

"Injini imepona kabisa, bosi. Mpya." Kisha akainamisha kichwa tena, upande wa chini. "Ila hebu tia gia ya pili, urudishe… Umesikia?"

"Sijasikia kitu."

"Giaboksi," akasema, anajifuta mikono kwenye kaptula.